Lenzi ya mtumba: Faida kwa anayekagua, hasara kwa mwenye pupa

MSIMU wa kuuza pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, na mpunga ukiwa umekwisha kuingia ghalani, fedha huanza kuzunguka katika vijiji na miji midogo ya Mkoa wa Shinyanga. Mahari hulipwa, sherehe za kuwaaga mabinti hupangwa, na harusi hufuatana hadi mvua zinapokaribia.

Upande wa Geita, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, fedha haifuati kalenda ya namna hiyo. Duara likitema leo, sherehe inaweza kufanyika wiki ijayo. Duara likikauka, hata aliyekwisha kutoa oda ya albamu huomba kurasa zipunguzwe.

Katikati ya mzunguko huo wa fedha yupo mpiga picha. Kuanzia Kahama hadi Katoro, wapo vijana waliojiajiri kwa kamera moja na lenzi moja, ile ya milimita 18 hadi 55 ambayo huuzwa pamoja na kamera katika boksi moja. Kwa lenzi hiyo wanalipa kodi ya chumba, wanasomesha wadogo zao na wengine wamenunua hata mbuzi wa kuanzia.

Hata hivyo, ipo kazi moja ambayo lenzi hiyo huishindwa, nayo ni sebule. Wazee wa pande mbili wameketi kwenye makochi yaliyobanana, meza iko katikati, watoto wamejaa mlangoni. Mpiga picha anaegemeza mgongo ukutani, anavuta pumzi, anabonyeza, na bado mjomba wa bwana harusi anatokea nusu. Katika shughuli ya mahari, kumkata mjomba si jambo dogo.

Dawa ya tatizo hilo ni lenzi pana, yaani lenzi yenye milimita chache inayoona eneo kubwa kutoka karibu. Kwa kuwa mpya ni ghali kwa mtaji wa kijana wa mkoani, wengi hutafuta ya mtumba kutoka Kariakoo, Mwanza, Nairobi au kwa ndugu anayerudi kutoka nje ya nchi. Hapo ndipo wengine wanapopata chombo cha kuwaingizia kipato kwa miaka, na wengine wanapopoteza akiba ya msimu mzima.

Pima sebule kwanza

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kuanza na bei kabla ya kujua anahitaji milimita ngapi. Hesabu yake ni rahisi, sawa na ya kupima shamba. Chukua umbali kati ya kamera na watu, zidisha kwa upana wa sensa ya kamera, kisha gawanya kwa milimita za lenzi. Jibu ni upana wa eneo litakaloonekana kwenye picha.

Tuchukulie sebule ambayo mpiga picha akiegemea ukuta anabaki na mita 3 hadi kwenye makochi, na makochi yenyewe yamepangwa kwenye ukuta wa mita 5. Kamera nyingi za Canon za bei nafuu zina sensa yenye upana wa takribani milimita 22.3. Kwa lenzi ya milimita 18, picha itachukua upana wa mita 3.7 tu. Mita 1.3 za makochi, pamoja na wazee walioketi hapo, zinabaki nje.

Kwa lenzi ya milimita 10, picha hiyohiyo itachukua mita 6.7. Ukuta wote unaingia na nafasi inabaki. Ukiigeuza hesabu hiyo, utaona kwamba sebule ya mfano huu inahitaji lenzi ya takribani milimita 13. Kwa hiyo mwenye shida ya sebule kama hiyo hana sababu ya kulipia zaidi ili tu apate lenzi pana kuliko zote sokoni.

Pia ni vema kujua mahali ambapo lenzi hii haisaidii. Wapo wanaodhani kuwa ni chombo cha kupigia vitu vikubwa, kama shimo la mgodi wa Geita au uwanja wa ngoma wakati wa sherehe za Bulabo zinazofanyika Bujora, Mwanza, kila mwezi Juni. Lenzi pana hufanya vitu vya mbali vionekane vidogo zaidi. Shimo kubwa linalomtisha mtu akiwa ukingoni linaweza kutokea kwenye picha kama bakuli.

Vivyo hivyo kwa mkutano mkuu wa chama cha msingi cha ushirika unaofanyika chini ya mti. Pale mpiga picha anaweza kurudi nyuma hatua kumi, na hatua hizo ni bure. Lenzi pana ni chombo cha mahali finyu: sebule, ofisi ya mnunuzi wa dhahabu, mbele ya kwaya kanisani, ndani ya kibanda cha karasha, au kwenye mdomo wa duara ambako matimba na watu vimesongamana.

Aidha, lenzi hii ina tabia ya kuwanyoosha watu walioko pembeni mwa picha. Uso huwa mpana na bega hurefuka. Mpiga picha mzoefu huwaweka bibi harusi na wazee katikati, na pembeni huacha kochi, pazia au vijana ambao hawatalalamika.

Mitego ya jina na mdomo

Mtego wa kwanza sokoni ni neno lenyewe "pana". Lenzi nyingi za zamani zilizotengenezwa wakati wa filamu, za milimita 28 au 24, ziliitwa pana na zilistahili jina hilo, kwa sababu kipande cha filamu kilikuwa na upana wa milimita 36. Kwenye kamera ya kisasa yenye sensa ndogo, lenzi ya milimita 28 huona eneo linalolingana na la lenzi ya milimita 42 hadi 45 kwenye filamu. Hiyo ni finyu kuliko ile ya milimita 18 aliyonayo tayari. Anayeinunua amelipa fedha ili arudi nyuma.

Mtego wa pili ni mdomo wa lenzi, yaani sehemu inayojifunga kwenye kamera. Lenzi ya Canon haiingii kwenye Nikon, na ya Nikon haiingii kwenye Canon. Si hivyo tu. Lenzi za Canon zenye herufi EF-S zilitengenezwa kwa ajili ya kamera zenye sensa ndogo, na haziingii kwenye kamera za Canon za kioo zenye sensa kubwa inayolingana na filamu. Mwenye mpango wa kupanda daraja la kamera baadaye lazima alijue hilo mapema.

Kwa upande wa Nikon, kamera za bei nafuu kama D40, D60 na zile za mifululizo ya D3000 na D5000 hazina mota ya kulengea ndani yake. Zinategemea mota iliyomo ndani ya lenzi. Lenzi isiyo na mota itafungika vizuri, itapiga picha, lakini mpiga picha atalazimika kulenga kwa mkono huku keki ikikatwa.

Mfano mzuri ni Tokina ya milimita 11 hadi 16. Toleo la kwanza la Nikon, lililotoka mwaka 2008, halina mota. Toleo la pili la mwaka 2012 linayo. Kwa macho zinafanana sana, na muuzaji asiyejua anaweza kumpa mteja yoyote kati ya hizo bila nia mbaya.

Kinyume chake, lenzi ya Nikon ya milimita 10 hadi 20 yenye herufi AF-P, iliyotoka mwaka 2017, ni nyepesi na ya bei nafuu, lakini haifanyi kazi kwenye kamera za zamani kama D90, D3100 na D5100. Kanuni ni moja: mnunuzi aende na kamera yake mwenyewe. Kuijaribu lenzi kwenye kamera ya muuzaji hakutoshi.

Zipi za kutafuta

Kwa mwenye Canon yenye sensa ndogo, chaguo la kwanza la kuangalia ni EF-S ya milimita 10 hadi 18. Ilipotoka mwaka 2014 iliuzwa dola 299 za Marekani ikiwa mpya, bei iliyokuwa ya chini kwa lenzi ya aina hiyo. Ni nyepesi na ina kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono. Udhaifu wake ni mdomo wa plastiki na tundu dogo la kupitishia mwanga.

Ipo pia EF-S ya milimita 10 hadi 22 ya mwaka 2004, iliyojengwa imara zaidi. Sigma ilitoa ya milimita 10 hadi 20 mwaka 2005, kwa Canon, Nikon na kamera nyingine. Hizi zimekaa sokoni miaka mingi, hivyo mitumba yake hupatikana, lakini umri wake unadai ukaguzi mkali.

Tokina ya milimita 11 hadi 16 ina tundu la f/2.8. Ikilinganishwa na lenzi ya f/4.5, huingiza mwanga zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa anayepiga kwaya kanisani jioni bila flashi, tofauti hiyo ina thamani ya fedha. Kwa anayepiga sebuleni akiwa na flashi ya kuelekeza kwenye siling bodi nyeupe, haina uzito mkubwa, na akiba inaweza kwenda kwenye betri ya ziada.

Ni vema kukumbuka kuwa kifaa cha kutuliza mtikisiko humsaidia mpiga picha mwenye mkono unaotetemeka, lakini hakimzuii mwanakwaya kucheza. Watu wanaotembea huhitaji mwanga au flashi.

Mitumba ya lenzi hizi ina sababu ya kupatikana. Tangu Canon na Nikon zilipotoa mifumo mipya ya kamera zisizo na kioo cha ndani mwaka 2018, wapiga picha wengi duniani wamekuwa wakihama na kuuza vyombo vya zamani. Hiyo ni nafuu kwa mnunuzi wa Kahama, lakini ina upande wa pili: naye siku akitaka kuuza, huenda akakuta bei imeshuka zaidi.

Ukaguzi wa dakika kumi

Mfugaji hanunui ng'ombe mnadani bila kumfungua mdomo na kutazama kwato zake. Lenzi nayo ina meno na kwato zake.

Kwanza, ifunguliwe vifuniko vyote viwili na kumulikwa kwa tochi ya simu, mwanga ukiingia upande mmoja na jicho likitazama upande wa pili. Chembe chache za vumbi ndani si tatizo. Kinachotafutwa ni nyuzi kama utando wa buibui, yaani kuvu, au ukungu mweupe uliotanda. Kuvu huota kwenye unyevu, na lenzi iliyokaa kabatini miaka mingi karibu na ziwa au baharini iko hatarini. Ikiwa na kuvu, iachwe hata kama bei inavutia.

Pili, kioo cha nyuma kitazamwe kwa makini kuliko cha mbele. Mkwaruzo mdogo mbele mara nyingi hauonekani kwenye picha, lakini wa nyuma huweza kuharibu picha zote.

Tatu, pete ya kuzungushia milimita izungushwe taratibu huku sikio likiwa karibu. Mchanga husikika. Katika ukanda wenye makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa na barabara za vumbi, chombo kilichowahi kufanya kazi huko kinaweza kuwa kimemeza vumbi.

Nne, ukingo wa mbele unaofungwa kichujio ukaguliwe kwa kidole. Ukiwa umebonyea, lenzi imeanguka. Mdomo wa nyuma nao usiwe na ufa, na vituo vyake vya umeme viwe safi.

Tano, ilenge kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara kadhaa. Mota inayosaga, kusita au kwenda na kurudi bila kutulia ni dalili ya gharama ya baadaye.

Sita, ambao ndio mtihani mkubwa, ipigwe picha ya ukuta wa matofali. Kamera iwe juu ya stendi au meza, ikiutazama ukuta moja kwa moja bila kuinama, tundu likiwa kwenye f/8. Picha ikuzwe na pembe zake nne zilinganishwe. Pembe zote zikififia kidogo kwa kiwango sawa, hiyo ni kawaida ya lenzi pana. Upande mmoja ukiwa na ukungu na mwingine ukiwa mkali, vioo vimehama mahali pake, na kuvirudisha kunahitaji fundi mwenye vifaa maalumu.

Kutoka Dar es Salaam hadi Shinyanga ni takribani kilomita 1,000 kwa barabara, hivyo wengi hununua bila kuiona lenzi. Anayefanya hivyo amtume ndugu au mpiga picha mwenzake akaikague kwanza ndipo fedha itumwe kwa simu. Picha ya ukuta isitumwe kama picha ya kawaida kwenye WhatsApp, kwa sababu hupunguzwa ukubwa na kasoro hufichika. Itumwe kama faili.

Ni muhimu pia kupata risiti, na kwa duka iwe ya mashine ya EFD. Kwa mtu binafsi, yaandikwe makubaliano mafupi yenye namba ya lenzi, majina na mashahidi. Kununua mali ya wizi ni kosa kisheria, na kutojua ilikotoka ni utetezi dhaifu mbele ya polisi.

Kununua, kukodi au kuungana?

Swali la kiuchumi linabaki. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba lenzi ya mtumba inauzwa shilingi 450,000, na mkoba pamoja na vifaa vya kusafishia ni shilingi 30,000. Tuchukulie pia kwamba baada ya miaka 2 lenzi itauzwa shilingi 300,000. Gharama halisi ya kuimiliki ni shilingi 180,000, sawa na shilingi 90,000 kwa mwaka.

Iwapo mwenzake anamkodisha lenzi kama hiyo kwa shilingi 15,000 kwa siku, basi kazi 6 kwa mwaka ndizo mpaka. Mwenye kazi za sebuleni chini ya 6 akodi. Mwenye zaidi ya hapo anunue. Ni hesabu ileile ya mkulima anayeamua kama anunue plau au akodi ng'ombe wa jirani.

Lakini bei ya kuuzia ikishuka hadi shilingi 150,000, gharama inapanda hadi shilingi 165,000 kwa mwaka, na mpaka unakuwa kazi 11. Hii ndiyo sababu ya kutonunua kwa matumaini. Daftari la kazi za mwaka uliopita litazamwe, na zihesabiwe zile tu ambazo watu walikosa nafasi kwenye picha.

Hali huwa mbaya zaidi fedha ikitoka kwenye mkopo wa kausha damu. Shilingi 450,000 kwa riba ya mfano ya asilimia 20 kwa mwezi ni shilingi 90,000 za riba kila mwezi. Kama lenzi inaongeza faida ya shilingi 25,000 kwa kazi, karibu kazi 4 za kila mwezi zinamfanyia kazi mkopeshaji kabla deni lenyewe halijaguswa. Harusi zikipungua mvua zinaponyesha, riba haipungui.

Njia nyingine ni kuungana. Wapiga picha watatu au wanne wa mji mmoja, kila mmoja akiwa na kamera ya aina moja, wanaweza kununua lenzi moja na kuipangia zamu kwa maandishi. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinaweza pia kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, utaratibu uliosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.

Kinachohitajika katika umoja huo ni uaminifu na daftari. Nani ameichukua, ameirudisha lini na ikiwa katika hali gani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ikishanunuliwa, itunzwe. Isibadilishwe upepo ukivuma wala karibu na karasha. Vumbi lipulizwe kwanza kwa pampu ndogo ya mkono ndipo kioo kifutwe kwa kitambaa laini maalumu, si kwa kanga wala ncha ya shati. Ihifadhiwe kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri lenye vipakiti vya kufyonza unyevu. Kuizika kwenye mchele, kama wafanyavyo baadhi ya watu, huongeza vumbi la mchele juu ya unyevu.

Kwa ufupi, mpiga picha mwenye akiba yake ya msimu asiikimbilie lenzi kwa sababu ni rahisi au kwa sababu mwenzake anayo. Apime sebule, ahesabu kazi, aikague kwa tochi na ukuta wa matofali, ndipo atoe fedha. Akifanya hivyo, mjomba atatokea mzima kwenye picha, na fedha ya pamba au dhahabu iliyoingia mfukoni mwake itabaki ikizaa hadi msimu mwingine.